Lumeni Elfu Kumi na Mbili

Iko pale Luthuli, nyuma ya kioo chenye ufa,
kati ya redio za mkono na mashine za kunyolea:
tochi fupi, nyeusi, nene kama kichwa cha mchi.
Siku hizi Gichohi huitoa kabla sijaomba.
Tangu Februari nimekuja mara sita
na mara sita nimesema, "Acha nifikirie."

Lumeni elfu kumi na mbili. Mita mia nane.
Shilingi elfu kumi na nne, mia tano anaweza kupunguza.
"Lakini kama unaweza kungoja," akasema,
na hapo ndipo aliponiharibia usingizi,
"Novemba inakuja nyingine. Elfu kumi na nane.
Hiyo, mzee, ukiiwasha majogoo wanawika."

Basi nangoja.
Na nikishangoja hadi Novemba,
nani atanizuia kungoja hadi Machi?
Ngoja ngoja huumiza matumbo, alisema mama.
Subira huvuta heri, alisema mama yule yule,
pengine siku hiyo hiyo, mwiko ule ule mkononi.

Niseme ukweli: kazi yangu ni kusoma mita za maji, Umoja.
Nafunua kifuniko, nainama, namulika
shimo la futi mbili. Buibui, tope, tarakimu.
Kitochi cha shilingi mia mbili kinatosha na kubaki.
Mita mia nane nitazipeleka wapi?
Ploti yetu inatazamana na ploti;
nikinyoosha mkono dirishani namwazima jirani kiberiti.
Mwanga ule ungegonga ukuta ulio mbele
ukanirudia usoni kama deni.

Nimewaza paa. Ningesimama kati ya matangi,
niupige hadi relini, hadi ng'ambo ya reli,
lakini ndege hushuka hapo juu zikielekea Embakasi
na sitaki rubani aulize yule ni nani.

Siku moja Gichohi aliniingiza stoo, akafunga mlango.
"Ziba kioo kwa kiganja. Sasa washa."
Nikawasha.
Mkono wangu ukawa mwekundu kama komamanga,
mishipa yote, na kovu la panga la utotoni
likiwa giza dogo katikati.
Miaka hamsini na mitatu nimetembea na mkono huu.
Joto likapanda, nikaachia.
Sikusema neno. Gichohi naye akapanga maboksi
ambayo yalikuwa yamepangwa tayari.

Jana stima ilipotea saa mbili usiku
nami niko ngazini, ghorofa ya tatu, na mkate na maziwa.
Balbu ya ngazi iliungua tangu uchaguzi;
mwenye nyumba pia anangoja, sijui nini.
Chini yangu Bi Kavindu akaita,
"Nani hapo? Mulika, nimeangusha ufunguo."
Nikatoa kitochi, nikakigonga pajani, kikakohoa,
kikatema duara la manjano, upana wa chapati.
Tukatafuta hivyo, chapati baada ya chapati,
kipago kwa kipago,
hadi ufunguo ukalia chini ya kiatu changu.
"Hiyo tochi yako inakufa," akasema.
"Novemba," nikajibu.
Akacheka. Sikuyaona meno; niliyasikia.

Leo baada ya kazi nimeshuka mjini tena.
Nimenunua betri. Betri tu, na chaja yake.
Gichohi ameandika risiti bila kuinua macho.
Sasa iko juu ya kabati, kando ya mkebe wa sukari,
na kwenye chaja kuna kijitaa cha kijani,
kidogo kuliko punje ya mtama.
Nimezima taa ya chumba
nione kinatosha kuona nini.